Jedwali la mali kabla ya kununua nyumba: tathmini ya huduma ya mawakili

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na ofisi ya mawakili inayoshughulikia uhamisho wa nyumba na ardhi. Kabla ya mkataba wa mauziano kutiwa saini, wakili na mkaguzi wa majengo huizunguka nyumba chumba baada ya chumba, huandika kila kitu kinachoweza kuleta ubishi, kisha hutayarisha jedwali linaloonyesha kipi ni mali isiyohamishika inayokwenda na nyumba, kipi ni mali inayohamishika inayobaki kwa muuzaji, na kipi ni mali inayohamishika ambayo pande mbili zimekubaliana kuuziana kando. Niliitumia nikiwa mnunuzi. Kwa nyumba iliyokaliwa na kuboreshwa kwa miaka mingi, naona ni huduma inayostahili kulipiwa. Hata hivyo, ina upungufu mkubwa mahali pawili, yaani kwenye vifaa vinavyolipiwa kwa awamu na kwenye nyumba zenye wapangaji, na upungufu huo nitaueleza bila kuuficha.

Watu wengi huamini kwamba tofauti kati ya aina hizi mbili za mali haihitaji mtaalamu, kwa kuwa nyumba haibebeki na kiti kinabebeka. Kwa mali iliyo kwenye ncha hizo mbili, imani hiyo haina kasoro. Ardhi, majengo yaliyosimama juu yake, miti iliyoota na haki zinazoambatana na kiwanja, kama vile haki ya njia, huhamia kwa mnunuzi bila kutajwa moja moja, ilhali vitanda, meza na vyombo hubaki kwa muuzaji mpaka mkataba useme vinginevyo. Ugumu uko katikati, kwa sababu kitu kilekile kinaweza kuvuka upande. Tofali lililo kwenye rundo uani ni mali inayohamishika; likishajengwa ukutani ni sehemu ya ardhi; ukuta ukibomolewa na tofali likawekwa kando, linarudi kuwa mali inayohamishika. Mti uliosimama ni wa kiwanja, lakini ukikatwa magogo yake yanauzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Sasa tia katika kundi hilo kabati za jikoni, viyoyozi, taa za kuning'inia, pampu ya kisima, matangi ya maji, kioo kilichobanwa ukutani na paneli za sola, na utaona kwa nini wauzaji na wanunuzi waliopatana bei kwa amani hufikishana kwa mawakili wiki ya makabidhiano.

Kazi yenyewe ilianza kwa dodoso aliloletewa muuzaji, nalo lilimtaka aeleze ni vitu gani alivyoviweka mwenyewe, kwa sababu gani, na vipi angependa kuondoka navyo. Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote, maana humfanya muuzaji aseme mapema jambo ambalo wengi hulinyamazia mpaka fundi wa kung'oa afike. Baada ya hapo walikuja watu wawili. Nilifurahi kuona kwamba wakili alikuja mwenyewe badala ya kumtuma karani, kwa sababu uamuzi juu ya kitu kimoja kimoja unategemea mambo ambayo picha haiyaonyeshi vizuri.

Mbele ya kila kitu wakili aliuliza maswali yaleyale: kimeungwa na jengo kwa njia gani na kwa uthabiti kiasi gani, kiliwekwa ili kuiboresha nyumba au ili chenyewe kitumike na kufurahiwa, na je, kuna makubaliano yoyote kukihusu? Hakuyabuni yeye. Maswali mawili ya kwanza yamejengeka katika hukumu za nchi zinazofuata sheria ya mapokeo ya Kiingereza, na mfano maarufu ni kesi ya Holland dhidi ya Hodgson ya mwaka 1872, ambapo mitambo ya kufumia nguo iliyopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda ilihesabiwa kuwa sehemu ya ardhi. Katika hukumu hiyo jaji alitoa mfano ambao wakili alinieleza tukiwa tumesimama bustanini, na ambao tangu hapo umenisaidia kuelewa jambo zima: mawe yaliyopangwa bila saruji ili yawe ukuta wa shamba ni sehemu ya shamba hilo, ingawa hayakushikizwa na chochote isipokuwa uzito wake, ilhali mawe yaleyale yakipangwa kwa umbo lilelile katika yadi ya mjenzi ili yasichukue nafasi, yanabaki kuwa mali inayohamishika. Miaka karibu ishirini kabla ya hapo, mahakama ya jimbo la Ohio nchini Marekani ilikuwa imeshatoa kipimo kinachofanana na hicho katika kesi ya Teaff dhidi ya Hewitt ya mwaka 1853, ikitazama namna kitu kilivyoungwa, matumizi yake kulingana na matumizi ya mahali kilipo, na nia ya aliyekiweka ya kukifanya sehemu ya kudumu.

Jikoni ndipo nilipouona ubora wa huduma hii. Mkaguzi alifungua milango ya kabati za chini, akamulika kwa tochi na kuonyesha kwamba mbao za nyuma zilikuwa zimefungwa ukutani kwa boliti, na kwamba sinki lilikuwa limekatiwa nafasi yake kwenye meza ya marumaru iliyoziunganisha kabati zote. Jiko la kupikia lilionekana kama sehemu ya mpangilio huohuo, rangi yake ikiwa moja na ya kabati; lakini alipolivuta kidogo, lilitoka kwenye nafasi yake, nalo halikushikwa na kitu isipokuwa waya wa umeme na bomba la gesi. Kabati, meza na sinki vikaandikwa upande wa mali isiyohamishika, na jiko upande wa inayohamishika. Mgawanyo huo unakwenda sambamba na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza wa mwaka 1996 uliohusu vitu vilivyokuwa katika nyumba iliyochukuliwa na benki: kabati na sinki za jikoni zilizojengewa mahali pake zilihesabiwa kuwa sehemu ya nyumba, lakini mazulia, mapazia na vifaa vya umeme vya jikoni havikuhesabiwa hivyo. Asiyejua angepima kwa ukubwa au kwa thamani, na kipimo hicho kingemwambia kwamba jiko lile la bei kubwa lazima liende na nyumba.

Sebuleni kulikuwa na jambo la kinyume chake. Kitambaa kikubwa cha kufumwa chenye picha kilikuwa kimenyooshwa juu ya fremu, na fremu ikapigiliwa ukutani, na kwa macho yangu kilikuwa kimeshikamana na nyumba kuliko kabati. Wakili alikiandika upande wa mali ya muuzaji bila kusita. Kisheria alikuwa na msingi imara, kwa kuwa kesi ya Leigh dhidi ya Taylor ya mwaka 1902 ilihusu vitambaa vya aina hiyo, na ikaamuliwa kwamba kupigiliwa kwake kulikuwa njia pekee ya kuvitundika ili vitazamwe, wala hakukukusudiwa kuvifanya sehemu ya jengo. Nia inayotazamwa hapa si ile anayoidai mtu siku ya ugomvi; ni ile inayosomeka katika hali ya kitu chenyewe, na wakili alilisisitiza jambo hilo kila muuzaji alipoanza kusimulia alichokuwa akikiwaza siku aliyonunua kitu fulani.

Nje palikuwa na nyumba ndogo ya mbao ya wageni, iliyokalia nguzo za zege bila kufungwa kwa boliti hata moja. Muuzaji alitaka kuihamisha, na hoja yake ilikuwa kwamba haijashikana na ardhi. Mkaguzi aliingia uvunguni, akarudi na kusema kwamba nyumba hiyo isingeondoka bila kubomolewa ubao kwa ubao. Hapo jibu likapatikana, kwa maana katika kesi ya Elitestone dhidi ya Morris ya mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo iliamua kwamba nyumba ya mbao iliyokalia nguzo kwa uzito wake tu, ambayo isingeweza kuhamishwa bila kubomolewa, ilikuwa sehemu ya ardhi. Kama ingekuwa imetengenezwa kwa vipande vinavyofunguka na kufungwa tena mahali pengine, hoja ya muuzaji ingekuwa na nguvu. Napenda kusema kwamba muuzaji aliyakubali maelezo hayo bila manung'uniko, na naamini aliyakubali kwa sababu yalitolewa kabla ya bei ya mwisho, wakati ambapo bado alikuwa na nafasi ya kuiingiza thamani ya nyumba hiyo ndogo katika hesabu zake.

Jedwali lenyewe limeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Kila kitu kina maelezo ya mahali kilipo, picha, hali yake siku ya ukaguzi, na kwa vifaa vya umeme namba ya kiwandani, ili asije mtu akang'oa kiyoyozi kipya na kubandika kikuukuu mahali pake. Vitu vinavyosahaulika navyo vimo. Funguo za milango, kwa mfano, huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba ingawa hutembea mifukoni mwa watu, na wakili aliuweka katika kundi hilo ufunguo wa pampu na rimoti ya geti. Kuna pia kifungu kinachomtaka muuzaji arekebishe uharibifu wowote utakaotokana na kuondoa vitu vyake: matundu ya skrubu yazibwe, na waya wa taa ya kuning'inia ufungwe kwa usalama na kuachiwa taa ya kawaida. Kifungu hiki kidogo ningekishauri hata kwa mtu asiyeitumia huduma hii kabisa.

Juu ya nguvu ya jedwali, ofisi hii inastahili sifa kwa kusema ukweli wote. Muuzaji na mnunuzi wakikubaliana kwa maandishi kwamba kabati zilizofungwa ukutani zitaondoka, au kwamba jiko litabaki, makubaliano yao yanatawala baina yao, hata kama kipimo cha sheria kingesema kinyume. Lakini makubaliano hayo hayamfungi mtu wa tatu. Benki iliyochukua nyumba kama dhamana ya mkopo kwa kawaida ina haki pia juu ya vile vilivyokuwa sehemu ya nyumba, na muuzaji hawezi kuviondoa kwenye dhamana hiyo kwa kupatana na mnunuzi pekee. Kesi ile ya mitambo ya kufumia nguo ilizuka katika mazingira ya namna hiyo, mwenye kiwanda akiwa amekiweka rehani na mali zake zikigombewa na waliozishika kwa niaba ya wadai wake. Kwa hiyo wakili alitaka kwanza kuiona hati ya rehani ya muuzaji, kisha akaweka sharti kwamba benki yake itoe idhini ya maandishi kwa kila kitu kilichoungwa na nyumba ambacho muuzaji angeruhusiwa kuondoka nacho. Ni hatua iliyotuchelewesha, lakini sioni namna nyingine iliyo salama.

Vilevile vitu vinavyohamishika vilivyouzwa pamoja na nyumba viliandikiwa hati yao ya mauzo, mbali na hati ya uhamisho wa ardhi, na thamani yake ikatajwa peke yake. Faida yake ni ya wazi kwa sababu mbili: mthamini wa benki huthamini nyumba wala si jokofu, na katika nchi nyingi ushuru wa uhamisho hutozwa juu ya ardhi na majengo. Muuzaji alipopendekeza kwamba thamani ya mazulia na mapazia ipandishwe ili ile ya nyumba ipungue, wakili alikataa papo hapo na kueleza kwamba mamlaka za kodi huutambua ujanja huo na huutazama kama udanganyifu. Nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Sasa nije kwenye kasoro. Ya kwanza ni mfumo wa sola. Paneli zilikuwa zimefungwa kwenye paa kwa mabano ya chuma yaliyozibwa kwa lami, nyaya zikapita ndani ya dari hadi kwenye inverta na betri zilizofungwa ukutani, na rasimu ya jedwali ikauandika mfumo mzima kama mali isiyohamishika. Kwa kipimo cha kushikamana na kipimo cha kusudi, uamuzi huo una mantiki. Swali ambalo halikuulizwa, na ambalo halimo hata kwenye dodoso, ni kama vifaa hivyo ni vya muuzaji. Nilipoomba risiti ndipo ilipobainika kwamba mfumo ulikuwa ukilipiwa kwa awamu, na kwamba kampuni iliyoufunga ilikuwa imebaki na umiliki mpaka malipo yatakapokwisha. Kuandika kwenye mkataba kwamba kitu ni sehemu ya nyumba hakumpi muuzaji umiliki asiokuwa nao, na mnunuzi angeweza kujikuta akidaiwa deni la mtu mwingine au akitazama mafundi wakishusha paneli kutoka kwenye paa alilokwisha kulilipia.

Mifumo ya sheria imelishughulikia tatizo hili kwa njia mbalimbali. Nchini Marekani, kwa mfano, mkopeshaji mwenye dhamana juu ya kifaa kitakachoungwa na jengo anaweza kuisajili dhamana hiyo katika kumbukumbu za ardhi, na anayepekua kumbukumbu hizo ataiona. Mahali pasipo na utaratibu kama huo, ulinzi wa mnunuzi ni kuuliza na kudai uthibitisho wa malipo. Ofisi ilipokea angalizo langu kwa adabu na kurekebisha jedwali, ikiweka sharti kwamba deni limalizwe kutoka kwenye fedha za mauzo kabla ya muuzaji kulipwa. Hata hivyo, mteja anayelipia huduma ya kuchambua mali hapaswi kuwa ndiye anayekumbuka swali hilo. Siku hizi pampu, mitungi mikubwa ya gesi, vifaa vya intaneti, mashine za kusafisha maji na mifumo ya ulinzi hukodishwa au hulipiwa kidogo kidogo, hivyo swali la mmiliki ni nani linapaswa kuwa la kwanza kabisa, kabla hata ya mtu kutazama skrubu.

Kasoro ya pili ni wapangaji. Chumba kimoja cha mbele kilikuwa kimepangishwa kwa fundi cherehani, aliyeweka rafu, kaunta, taa zake na meza nzito ya kukatia iliyofungwa sakafuni. Katika jedwali, chumba hicho kilipewa mstari mmoja tu usemao kwamba vilivyomo ni vya mpangaji. Kama maelezo, hayatoshi. Kwa kawaida mpangaji wa biashara anaruhusiwa kuondoa vifaa alivyovifunga kwa ajili ya biashara yake, mradi aviondoe kabla ya upangaji kwisha na arekebishe alipoharibu. Asipoviondoa kwa wakati, anaweza kuipoteza haki hiyo na vikabaki kwa mwenye nyumba. Mnunuzi anayerithi mpangaji anahitaji kujua kipi kitaondoka na kipi kitabaki, na mpangaji naye anastahili kulindwa asije akakuta kaunta yake imeuzwa pamoja na nyumba. Historia inaonyesha ukali unaoweza kuwepo hapa: katika kesi ya Elwes dhidi ya Maw ya mwaka 1802, mkulima mpangaji aliyejenga mabanda kwa gharama zake alinyimwa haki ya kuyaondoa, kwa kuwa nafuu waliyopewa wafanyabiashara haikuwafikia wakulima, na baadaye Bunge la Uingereza ndilo lililolegeza ukali huo kwa kutunga sheria. Mpangaji yule wa cherehani hakuhojiwa, wala mkataba wake wa pango haukuombwa mpaka nilipoudai. Hapa nasema waziwazi kwamba ofisi ilimsahau mtu mwenye haki katika nyumba hiyo.

Bustani ilishughulikiwa vizuri, kwa maneno machache. Miti na vichaka vikaandikwa kuwa ni vya kiwanja, mimea ya kwenye vyungu ikawa ya muuzaji, na mboga za msimu zilizokuwa hazijavunwa zikapewa tarehe ya mwisho ya kuvunwa. Kulikuwa na mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba, nayo ikabaki kwa muuzaji. Wakili alinitahadharisha kwamba jibu la suala kama hilo hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na ni kweli: Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 iliihesabu mizinga ya nyuki iliyowekwa na mwenye shamba kwa ajili ya shamba lake kuwa mali isiyohamishika kwa sababu ya kusudi lake, pamoja na njiwa wa kwenye viota vya shamba na samaki wa mabwawani. Kwa hiyo anayenunua nyumba katika nchi nyingine asichukue jedwali la kwao akalinakili, kwani mali isiyohamishika kwa kawaida hutawaliwa na sheria ya mahali ilipo, hata kama muuzaji na mnunuzi wote wanaishi kwingine.

Ada ni ya kiwango kimoja badala ya asilimia ya bei ya nyumba, jambo ninaloliona la haki, kwa sababu nyumba ya bei kubwa iliyo tupu haina kazi kubwa kwa mkaguzi. Nisichokubaliana nacho ni kwamba ukaguzi wa siku ya makabidhiano, ambapo jedwali hupitiwa tena mstari kwa mstari mbele ya pande zote, hulipiwa peke yake na hautajwi mpaka mteja aulize. Jedwali lisilokaguliwa siku ya kupokea funguo humwachia mnunuzi ushahidi mzuri wa kupelekea mashauri, wakati alichokitaka ni nyumba yenye vitu vyake. Niliulipia, na ulifaa: kioo cha bafuni kilichoandikwa upande wa nyumba kilikuwa kimekwishafunguliwa na kufungwa kwenye boksi, na kikarudishwa ukutani siku ileile bila ubishi, kwa kuwa picha na saini ya muuzaji vilikuwa mezani.

Anayenunua nyumba mpya kutoka kwa mjenzi, ambayo haijakaliwa na ambayo vifaa vyake vimeorodheshwa katika mkataba wa ujenzi, haihitaji huduma hii. Asome orodha ya mjenzi kwa makini na aidai kitu kwa kitu. Anayenunua hisa katika ushirika wa nyumba zinazompa haki ya kukaa katika nyumba fulani, badala ya kununua nyumba yenyewe, anahitaji ushauri wa aina nyingine, kwa maana anachonunua kinaweza kuhesabiwa kuwa mali inayohamishika tangu mwanzo. Kwa wengine wote, ningeshauri waiombe ofisi ianze kazi kabla hawajataja bei yao ya mwisho, wadai hati za malipo za kila kifaa kilichofungwa, watake mpangaji ahojiwe kama yupo, na waweke kwenye makubaliano ya ada kwamba ukaguzi wa makabidhiano umo ndani yake.